Joginder Singh: Simba Aliyeshika Spana

Ukurasa huu wa jarida la Chama cha Kiswahili huwa ni wa watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki. Mwalimu mlezi wa chama aliponipa zamu yangu muhula wa kwanza, wenzangu walidhani nitaandika juu ya shujaa wa vita ama malenga fulani wa pwani. Hapana. Nimemchagua fundi wa magari. Najua wako watakaocheka, hasa wale wa kidato cha nne wanaodhani kwamba fundi ni mtu aliyeshindwa na masomo. Wacheke tu, lakini wasome hadi mwisho.

Fundi huyo anaitwa Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho, hapo tu kwa majirani zetu ukitoka Keroka ukapita Sotik. Alishinda mbio za magari za Safari mara tatu, naye ndiye mtu wa kwanza kabisa kuzishinda mara tatu. Watu wakampa jina la Simba wa Kenya. Jina lenyewe halikutoka mbali, kwa sababu Singh kwa lugha ya kwao maana yake ni simba.

Lakini kabla sijaingia katika maisha yake, sharti nieleze jinsi gari la kwetu nyumbani lilivyonifikisha kwake.

Baba alinunua gari mwaka wa 2023. (Sisi kwa Ekegusii humwita tata. Ukisema baba utakuwa umemwita mama, jambo ambalo limewachanganya walimu wengi wageni.) Lilikuwa gari dogo la mtumba kutoka Japani, na kabla ya kutufikia lilikuwa limepita mikononi mwa Wakenya wawili. Pesa zilitoka kwa bonasi ya majani chai na mkopo wa chama cha akiba. Siku lilipoingia bomani tulitoka sote, wakubwa kwa wadogo. Nyanya alilizunguka mara mbili akilipapasa ubavuni kama anavyompapasa ng'ombe aliyetoka sokoni.

Kumbe kununua gari ni kuanza tu. Likataka petroli, likataka oili, likataka tairi mbili za mbele. Likataka bima, na baba akachukua ile ndogo ambayo watu huita thadi pati, kwa vile ndiyo sheria inayolazimisha na ndiyo ya bei nafuu. Halafu karo ya shule ikaingia, yangu na ya dada yangu. Breki zikaanza kulia, kwiii, kila tulipoteremka mlima. Na huku kwetu Kisii na Nyamira, ni wapi utaendesha gari usipande mlima ama usiteremke? Baba akasema breki zitangoja bonasi.

Hazikungoja. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti 2024 tulikuwa tukirudi kutoka mazishini, mvua imenyesha, barabara inateleza. Katika mteremko mmoja kabla ya kufika kwetu baba alikanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini kama anayekanyaga uji. Alikanyaga tena na tena. Wapi! Akashusha gea, gari likanguruma, lakini mbele yetu palikuwa na watu waliokuwa wakitoka kanisani wamejaa barabarani. Basi akalielekeza kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara, nalo likajibamiza hapo puu!

Baba na mama walikuwa wamefunga mishipi ya usalama. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa nyuma pamoja nami, hakuwa amefunga, wala mimi sikuwa nimefunga. Mimi nilipata uvimbe wa paji la uso. Yeye alirushwa mbele akavunjika mkono na kupoteza meno mawili. Alikuwa na umri wa miaka tisa.

Tulipokwenda kuuliza habari za bima ndipo tulipopata somo ambalo hatukuwa tumefundishwa darasani. Bima ile ndogo huwalipa watu wengine unaowaumiza na mali yao unayoiharibu. Gari lako mwenyewe likipondeka, hiyo ni shauri yako. Na ule ukingo wa udongo, jamani, haukuwa na malalamiko yoyote. Gari likavutwa hadi nyumbani likawekwa chini ya mparachichi. Kuku mmoja akaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Baba aliacha kabisa kulizungumzia, na akipita karibu nalo alitazama upande mwingine.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na njia yangu ya kwenda nyumbani jioni hupita kwenye gereji ya jua kali. Fundi wa hapo ndiye aliyelivuta gari letu, kwa hiyo nilianza kusimama kumsalimia. Ndani ya mlango wa kibanda chake amebandika picha iliyokatwa gazetini, imefifia hadi kuwa rangi ya chai. Ndani yake yumo mwanamume mwenye kilemba na ndevu, amesimama kando ya gari lililotapakaa matope. Nikauliza ni nani. Fundi alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la Rais. Tangu siku hiyo nikaanza kuulizauliza: kwa fundi, kwa mwalimu wa historia, katika maktaba, na kwa babu yangu mzaa mama. Nimeyakusanya hapa.

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka India. Wakati huo Makalasinga hawakuwa wageni tena katika nchi hii. Wengine walikuja tangu reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na waliofuata walikuja na kazi za mikono yao: useremala, uashi, uhunzi na baadaye ufundi wa magari. Kericho penyewe wana hekalu kubwa, na yeyote anayepita, awe wa dini gani, hukaribishwa chakula bila malipo. Babu yangu amekula hapo mara nyingi, na bado huusifu ule mchuzi wa dengu kuliko mchuzi wa nyanya, ingawa huusifu nyanya akiwa hayupo.

Kijana Joginder alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Hakuanza na usukani, alianza na spana. Nimelifikiria sana jambo hili. Madereva wengi tunaowasifu huku kwetu ni wale wanaojua kukimbiza gari. Ukiwauliza kilichomo chini ya boneti watakuonyesha pahali pa kutia maji, basi. Joginder alilijua gari kwanza likiwa limefunguliwa, limelala vipande vipande juu ya gunia. Alijua kinachoshika kipi, na kipi kikilegea kitamvuta mwenzake.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wa kwanza wa chama hicho kuzunguka barabarani akiwasaidia walioharibikiwa. Fikiria kazi hiyo, msomaji. Barabara nyingi zilikuwa za udongo. Asubuhi unatoka na vifaa vyako, humjui utakayemkuta. Huyu rediata imechemka, yule mkanda wa feni umekatika, mwingine ameketi juu ya jiwe na mkewe wamenuniana kwa sababu gari limezima katikati ya nyika. Fundi wetu wa jua kali aliniambia kwamba magari mengi yanayolala njiani hayauawi na kitu kikubwa. Huuawa na mpira wa maji wa bei ya soda mbili, na waya wa betri uliolegea, na plagi chafu. Mtu aliyefanya kazi kama ile ya Joginder lazima aliyaona hayo kila siku hadi yakaingia damuni.

Sasa tuje kwenye Safari yenyewe, maana wengi wetu tunaijua ile ya siku hizi tu. Mbio hizo zilianzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Zilikuwa zikifanywa wakati wa Pasaka, ambao kama mnavyojua ndio wakati wa masika. Magari ya mwanzo hayakuwa mitambo ya ajabu. Yalikuwa magari kama yale ya dukani, na hata makundi ya mashindano yalipangwa kwa kufuata bei yake. Barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari alikutana na lori la miwa, na ng'ombe, na mama mwenye mzigo wa kuni, kama vile dereva mwingine yeyote. Ndani ya gari waliketi watu wawili, mmoja wa usukani na mmoja wa kusoma ramani na kuhesabu muda. Walipewa saa ya kufika katika kila kituo, na kila dakika waliyochelewa ilihesabiwa kuwa hasara. Aliyechelewa kidogo kuliko wote ndiye mshindi.

Kwa hiyo hazikuwa mbio za kushindana bega kwa bega kama za uwanjani. Unashindana na saa, na matope, na gari lako mwenyewe. Mwaka wa 1963 waliondoka zaidi ya magari 80, yakamaliza 7 tu. Saba! Joginder na ndugu yake Jaswant walikuwa katika mojawapo ya hayo saba. Hawakushinda mwaka huo, lakini nadhani hapo ndipo siri yake ilipo, nami nitairudia.

Ushindi wa kwanza ulikuja mwaka wa 1965, naye akiwa na umri wa miaka 33. Hapa naomba nisimame kidogo, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Gari walilotumia Joginder na Jaswant lilikuwa Volvo PV544, gari lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeletwa na timu ya kiwanda kutoka Uswidi kwa Safari ya mwaka wa 1964, likateswa katika barabara zetu, kisha likaachwa hapa Kenya. Ndugu wawili wakalinunua. Yaani Simba wa Kenya alishinda kwa gari la mtumba! Gari ambalo wenyewe waliliona limekwisha kazi, yeye alilifungua, akalisafisha, akabadilisha vilivyochoka, akalifunga tena. Katika mashindano hayo walipewa nambari 1. Walimaliza wakiwa mbele ya gari la pili kwa dakika 100. Hiyo ni saa moja na dakika arobaini, msomaji. Aliyeshika nafasi ya pili angeweza kusimama akapika ugali akaula, na bado asionekane amebaki nyuma kuliko alivyokuwa.

Kulikuwa na jambo jingine kubwa mwaka huo. Tangu 1953 madereva wote walioshinda Safari walikuwa Wazungu. Joginder alikuwa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda, na Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Babu husema kwamba siku hizo Wahindi wengi hawakujua kama watahesabiwa kuwa wenyeji ama wageni, na ni kweli kwamba katika miaka ya 1967 na 1968 maelfu yao walihamia Uingereza. Lakini Kalasinga huyu alipopita barabarani, Mkipsigis na Mgusii na Mluo walipiga vigelegele pamoja. Hakuna aliyemuuliza kabila.

Na kuna habari ndogo kuhusu gari hilo ambayo ilinishtua nilipoisoma. Volvo PV544 ni mojawapo ya magari mawili ya kwanza duniani kuuzwa yakiwa na mshipi wa usalama wa sehemu tatu, huu tunaouona leo unaopita begani na kiunoni. Ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin, ukaanza kuwekwa kwenye magari ya kampuni hiyo mwaka wa 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila kuwadai. Hapa Kenya ilichukua muda mrefu. Mishipi katika matatu ilianza kulazimishwa kwa dhati mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Wazazi wetu bado huzungumza juu ya siku zile ambapo nchi nzima ilitembea kwa miguu. Mimi nilipoisoma tarehe ya 1959 nilihesabu: mshipi ulikuwa na umri wa miaka 65 siku ambayo ndugu yangu aliketi nyuma ya gari letu na ukawa umelala pale pale kitini, umekaliwa.

Baada ya 1965 haikuwa ushindi juu ya ushindi. Mwaka wa 1969 alikuwa wa pili, akiendesha Volvo tena. Miaka mingine alimaliza mbali zaidi, mingine alisukumwa na magari mapya yenye nguvu kuliko lake. Timu kubwa za Ulaya zilikuwa zimeanza kuitamani Safari, zikaja na ndege na malori ya vipuri. Mwaka wa 1973 mbio hizo zikaingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Ndipo ikaja 1974. Joginder alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi humwambia dereva wa mbio akapumzike. Alikuja na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Lancer 1600 GSR, akiwa na David Doig kama msoma ramani. Lancer wakati huo lilikuwa gari ambalo mwalimu mkuu angeweza kulinunua aende nalo kazini. Upande wa pili kulikuwa na Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Uswidi. Joginder akashinda, Waldegård akawa wa pili. Miaka miwili baadaye, 1976, alirudi na Lancer na Doig yule yule, wakashinda tena, na magari mengine mawili ya aina hiyo yakashika nafasi ya pili na ya tatu. Nadhani hamtabishana nami nikisema kwamba magari ya Kijapani yaliyojaa leo katika stendi za Kisii, Keroka na Nyamira yalianza kuaminiwa na Wakenya katika matope ya Safari.

Babu yangu alikuwa Kericho miaka hiyo, akichuma majani chai katika shamba moja kubwa. Anasema Pasaka ilipofika hawakulala. Walikaa kandokando ya barabara usiku wamejifunika magunia, wakingoja taa zitokee mbali kwenye kona. Magari yalipita moja moja, kila moja likiwarushia matope, nao wakashangilia kurushiwa. Anavyosimulia, la Joginder ulilijua kwa mlio. Mengine yalikuja yakipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, lake lilikuja likinguruma sawasawa. Sijui kama ni kweli ama ni utamu wa hadithi za wazee, lakini hadi leo babu akiona matatu linaendeshwa kwa fujo husema dereva anajifanya Joginder, kisha huongeza kwamba hata kujifanya hajui.

Na hapa ndipo kwenye ile siri niliyoahidi kuirudia. Joginder aliingia katika Safari mara 22. Alimaliza mara 19. Ushindi wa mara tatu ndio ulioandikwa kwa herufi kubwa, lakini fundi wetu wa jua kali husema hiyo 19 ndiyo anayoisujudia. Kumbuka mwaka ule magari zaidi ya 80 yalipotoka yakarudi 7. Katika mbio ambazo gari huvunjika springi, hupasuka tangi, hukatika ekseli, yeye alirudi nyumbani karibu kila mara. Waliomfahamu walisema alilitayarisha gari lake kwa mikono yake mwenyewe na kwamba hakulipiga gari ovyo. Alijua pa kwenda mbio na pa kwenda pole, kwa sababu kila shimo alilolirukia alijua ni kifaa gani kinaumia na kukibadilisha kunachukua dakika ngapi.

Hapo nina ugomvi kidogo na vijana wenzangu. Tunamsifu dereva wa matatu anayepita magari matano kwenye kona, na makanga ananing'inia mlangoni. Tunasema ni mkali. Mwaka wa 2023 peke yake watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Huyo Simba mwenyewe, bingwa wa mara tatu, mtu aliyelipwa sifa kwa kwenda mbio, angeshuka kwanza akaangalie tairi.

Rekodi yake ya ushindi ilivunjwa baadaye na Mkenya mwingine, Shekhar Mehta, aliyefikisha ushindi wa mara tano mwaka wa 1982. Joginder mwenyewe aliacha mashindano, na miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo mimi nilikuwa na miaka minne, hata kutofautisha klachi na breki sijui. Safari nayo iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa mwaka wa 2021, na sasa hufanyiwa upande wa Naivasha. Magari yake ya leo ni mitambo ambayo fundi wetu wa jua kali hawezi kuigusa, na amesema hivyo kwa huzuni.

Naam, na gari la chini ya mparachichi?

Mwezi wa Novemba mwaka jana bonasi ilikuja. Nilimsimulia baba habari za Volvo ya mtumba. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza kimya, halafu akaniuliza kama ni kweli lilikuwa limeachwa. Nikamwambia ni kweli. Juma lililofuata fundi alikuja na jeki na watu wawili wa kusukuma. Kuku akahamishwa pamoja na mayai yake.

Kazi ilichukua hadi likizo ya Aprili 2025 kwa kuwa pesa zilikuja kidogo kidogo. Baba alitaka kuanza na uso wa gari, ndio watu wasimcheke njiani. Fundi akakataa, akasema uso hausimamishi gari. Kwa hiyo tulianza na breki: pedi mpya mbele, viatu vipya nyuma, mpira mmoja uliokuwa umepasuka, na maji yote ya breki yakamwagwa yakatiwa mengine. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Fundi aliyaonyesha kwa baba ndani ya chupa na hakusema neno. Baba aliyatazama kwa muda mrefu sana. Boneti tulipata la kijani kwenye gari lililovunjwa vipuri, na gari lenyewe ni jeupe. Hadi leo halijapakwa rangi, na wanafunzi wenzangu mnaolicheka likipita, nimewasikia.

Bima baba alichukua kubwa. Ilimuuma, na ilibidi atafute mtu wa kulithamini gari kwanza, ambaye alilizunguka lile boneti la kijani akiandika kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mimi nimewekewa kazi moja. Nina daftari la kurasa 96 ambalo ndani yake naandika tarehe, kilomita, oili ilipobadilishwa, pedi zilipokaguliwa, upepo wa tairi, na siku ambayo bima inaisha. Jumamosi asubuhi baba hunikuta nimeshafungua boneti.

Aliyebaki ni ndugu yangu. Mkono ulipona, meno yamewekwa ya bandia, lakini alikataa katakata kuingia katika gari lile. Alipanda matatu na mama kwenda kanisani, sisi tukifuata nyuma na gari tupu, mambo ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Hatukumlazimisha.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, ulipotimia mwaka tangu ajali, babu alitaka kwenda Kericho kumwona rafiki yake wa zamani wa shambani. Asubuhi hiyo nilimwita ndugu yangu nikampa daftari ashike kalamu. Nikamwambia mimi nitakagua na yeye ataandika. Nikakagua maji, oili, maji ya breki. Nikamwita atazame ndani ya kichupa mwenyewe, yalikuwa meupe yenye manjano kidogo. Akaandika. Akauliza kama anaweza kukanyaga breki. Baba akamfungulia mlango, naye akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu ikifika kwa shida, akakanyaga mara tatu, akasikiliza. Kisha akashuka, akaenda kiti cha nyuma, akavuta mshipi, akaufunga, akauvuta tena kwa nguvu kuona kama utashika.

Tulipitia Keroka, Chepilat, Sotik, Kapkatet na Litein. Kwenye miteremko baba alishusha gea mapema, matatu zikatupigia honi nyuma na kutupita, makanga mmoja akatuuliza kama tumebeba mayai. Babu alikaa mbele akituonyesha kona walizokuwa wakingojea Pasaka ile. Tulipofika Kericho tulisimama kwenye hekalu la Makalasinga, tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukapewa chapati na mchuzi wa dengu. Ndugu yangu alikula sahani mbili. Halafu akatoka nje kabla yetu, akiwa na daftari, kwenda kutazama tairi.